Makoti Yaliyoshonwa Ikutha

Kambu, 14 Julai 2024

Dada Ndila,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Kavindu. Ulinikataza kukupigia simu kwa mambo ya maana, ati kwenye simu mimi hucheka, nasema niko sawa, halafu nakata. Haya, nimenunua daftari la kurasa themanini. Ukichoka kusoma ujilaumu mwenyewe.

Sisi tuko wazima. Kavindu bado anauza mboga kando ya barabara kuu, na siku hizi madereva wa malori wanamjua kwa jina, jambo ambalo silipendi lakini nimenyamaza. Goti la Mwaitu linaendeleaje? Mwambie mama nitakuja kumwona ndengu zikishavunwa, na asianze kusema nakuja kwa sababu ya ndengu.

Sasa sikiza. Abdow atakuletea mfuko pamoja na barua hii. Ni yule Abdow wa mbuzi, lori lake linafika soko la Ikutha kila wiki na hajawahi kupoteza mzigo wa mtu. Ndani kuna koti langu la kazi. Wiki jana tulikuwa tunamtoa dereva kwenye lori lililopinduka, na bati likaupasua mkono wa kulia wa koti kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Bitana imetoka nje. Kituo chetu cha zimamoto hakina fundi, na ukiandika barua ya kuomba lishonwe unajibiwa hakuna bajeti ya ukarabati. Nitilie kiraka kigumu.

Ila nakuomba jambo moja: usilifue. Najua limejaa masizi na najua linanuka. Lakini huku kwetu koti jeusi ndilo cheo. Mtu akija na koti safi tunamuuliza kama amekuja kuzima moto au kupigwa picha. Miaka tisa nimelichafua hilo koti kwa jasho langu, tafadhali.

Ndugu yako,
Mulwa


Ikutha, 29 Julai 2024

Mulwa, mwana wa mwaitu,

Tumepokea salamu, na Mwaitu anasema ndengu unazipenda kuliko unavyompenda yeye, kwa hivyo usijisumbue kukana. Goti lina siku zake. Jumapili alitembea hadi kanisani na kurudi, Jumatatu akashinda kitandani akiliambia goti maneno.

Koti nimelifua.

Usianze kupiga kelele. Nilipofungua ule mfuko chumbani, Mwaitu alianza kukohoa akiwa huko jikoni. Nililoweka mara tatu kwa sabuni ya unga. Maji ya kwanza yalikuwa meusi, ya pili meusi, ya tatu yakawa kama chai ya rangi. Nilipoyamwaga, kuku walikimbia. Hicho ndicho cheo chako? Na Kavindu ananiambia hulitundika nyuma ya mlango wa chumba mnacholala. Nilikusomesha kwa cherehani hii, Mulwa, sikukusomesha uwe mkaidi.

Kuhusu kushona, hapo huwezi kunilaumu. Nimetafuta kitambaa kigumu kuliko vyote nilivyo navyo, kile cha kushonea mabegi ya shule, ambacho hata sindano yangu hukilalamikia. Nimekiweka mara mbili na kupitisha mshono mara nne. Bitana nayo nimeirudisha mahali pake. Huo mkono hautapasuka tena mpaka ustaafu.

Pesa uliyoweka mfukoni nimeirudisha kwenye mfuko huo huo. Siku nyingine nitaitupa kwa sadaka.

Dada yako,
Ndila


Kambu, 20 Agosti 2024

Dada Ndila,

Salamu nyingi kwako na kwa Mwaitu. Kavindu alipoliona koti alipiga magoti akamshukuru Mungu, nami sijui kama alikuwa anatania. Mboga zimepanda bei kwa sababu ya kiangazi. Mengine ni mazuri.

Umeniaibisha. Nilipoingia kituoni na lile koti walisimama wote wakaanza kuniimbia nyimbo za arusi. Wiki nzima nimeitwa bwana arusi. Ilibidi nijipanguse kwenye bomba la moshi la gari ili nipate amani kidogo.

Lakini subiri. Siku ya nane mwenzangu Kimeu alinivuta kando, akitazama huku na huku, akaniuliza ni fundi gani alishona kile kiraka. Kesho yake Muthoki naye akaja. Muthoki ndiye mwanamke pekee kwenye shifti yetu, na koti lake limetoboka mgongoni na kwenye viwiko vyote viwili. Nimewaahidi. Makoti yao ndiyo haya mawili anayokuletea Abdow. Watakulipa wenyewe, na hao usiwarudishie pesa.

Utauliza kwa nini tunavaa matambara. Dada, makoti mapya tunayo. Yalikuja mwisho wa Juni, manane, maana pesa isipotumika kabla ya tarehe thelathini inarudi ilikotoka, kwa hivyo Juni kila kitu hununuliwa mbio mbio. Yamefungiwa stoo, bado yako kwenye nailoni. Yanatakiwa kukabidhiwa rasmi, na wakubwa waje wapigwe picha nasi. Sasa sherehe imeahirishwa mara tatu kwa sababu bajeti ya makoti ilikuwepo lakini bajeti ya mahema, viti na chakula cha mchana haikuwepo.

Mtunza stoo wetu ni Mzee Munyao. Usimchukie. Zamani jozi moja ya buti ilipotea, akakatwa mshahara miezi mitano, na mwanawe akakaa nyumbani muhula mzima. Tangu hapo hatoi hata glavu bila karatasi yenye sahihi. Siku moja alitufungulia tuyaangalie. Tulisimama mlangoni tukayatazama, naye akatuambia samahani, akafunga.

Ndugu yako,
Mulwa


Ikutha, 8 Septemba 2024

Mulwa,

Tuko salama. Mwaitu amepata dawa mpya ya goti, ya kupaka, na sasa nyumba nzima inanuka karafuu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mvua tunaingoja.

Makoti ya wenzako yako tayari, nimemkabidhi Abdow mwenyewe mkononi. Nimeyafua, wakitaka waimbiane. Mwambie Muthoki mgongo wake nimeutia kiraka kipana kutoka bega hadi bega, kitambaa kile kile cha begi. Niliposhona nilikuwa nawaza kwamba huyu ni mwanamke mwenzangu, na mtu wake nyumbani anamngoja arudi.

Nitakuambia kitu nawe usicheke. Nimemwomba kijana wa kuandika mabango aniandikie pale mlangoni, chini ya yale maneno ya sare za shule na suruali za wanaume: NASHONA NGUO ZA ZIMAMOTO. Soko zima limeniuliza. Wiki iliyopita mchungaji alinitaja kwenye ibada, kwamba kuna dada hapa anawakinga wanaotukinga. Mimi ni mshonaji wa shingo za sare, Mulwa, miaka ishirini na mbili. Hakuna aliyewahi kunitaja kanisani. Pale kwenye benchi moyo ulikuwa umejaa.

Huyo Mzee Munyao nimemsamehe. Waliopanga chakula cha mchana kije kabla ya makoti, bado.

Dada yako,
Ndila


Kambu, 6 Oktoba 2024

Dada,

Salamu. Sisi wazima. Nimeungua kidogo mkono, Kavindu alimwaga uji. Kazi ni nyingi, sitaandika sana. Usishone koti lingine lolote la zimamoto kwa sasa, hata mtu akikuletea mwenyewe. Nitaeleza.

Msalimie Mwaitu.

Mulwa


Ikutha, 20 Oktoba 2024

Mulwa,

Mwaitu hajambo, mbuzi hawajambo, mvua imenyesha siku mbili ikakoma. Salamu zimeisha, sasa tuongee.

Umeniandikia barua ambayo mtoto wa nasari angeona haya kuituma. Herufi zimelala upande huu, zingine upande ule. Hii umeandika kwa mkono wa kushoto. Nimempigia Kavindu, nikamuuliza uji gani huo. Akasema ulikuwa uji wa wimbi. Sikumuuliza wimbi au mtama, nilimuuliza kimetokea nini.

Halafu jana Abdow amekuja na salamu kutoka kwa Muthoki. Anauliza makoti yao mawili yatakuwa tayari lini, kwa sababu wewe umewaambia yamerudi kwangu yarekebishwe. Makoti gani? Nilimpa Abdow mkononi mwezi uliopita, naye anakumbuka, maana siku hiyo nilimpa chai. Hayako hapa. Abdow alinitazama, nami nikamtazama, tukaaibika wote wawili.

Umeuza makoti ya watu? Kama una shida ya pesa, kwa nini hukuniambia? Unatumia jina langu kudanganya watu wanaoniaminia kazi yao, na huku jina langu liko mlangoni kwa rangi nyekundu. Nimekasirika, na sitaki simu. Keti uandike, hata kama ni kwa huo mkono wa kushoto.

Ndila


Kambu, 3 Novemba 2024

Dada Ndila,

Salamu kwenu. Mpe Mwaitu pole ya goti, na usimsomee barua hii.

Sijauza makoti. Yako chini ya kitanda changu, yamefungwa kwenye gunia. Kwa nini yako hapo, nakuomba usiniulize.

Uji haukuwepo. Tarehe kumi na saba Septemba lori la magodoro lilishika moto barabarani, karibu tu na sisi. Magodoro ni moto mbaya, moshi wake mweusi na unashuka chini. Nilikuwa nimeshika mpira wa maji mbele, na Kimeu nyuma yangu. Niliungua mkono wa kulia, kuanzia kiwiko kushuka. Nililazwa siku tisa. Sasa niko nyumbani, vidole vinakataa kukunjika, lakini niko hai na ninakula. Nilimkataza Kavindu kukuambia, kwa hivyo ukasirike na mimi.

Koti lilikuwa kuukuu. Ni hivyo tu. Miaka tisa ni mingi kwa koti.

Kamati ya usalama itakaa tarehe kumi na nane kuniuliza ilikuwaje. Nitawaambia moto ulikuwa mkali, basi. Wataandika hivyo, watafunga faili, nami nitalipwa fidia kidogo ya kutibiwa.

Tatizo ni Muthoki. Nilipotoka hospitali nilimchukulia koti nikamwambia linarudi kwako, na hana lingine, kwa hivyo Alhamisi alikwenda kwenye moto wa duka la mbao akiwa amevaa sweta. Sweta, dada. Alirudi salama lakini sijapata usingizi vizuri tangu siku hiyo. Nikimrudishia koti ni kosa, na nisipomrudishia ni kosa.

Mulwa


Ikutha, 10 Novemba 2024

Mulwa, mwana wa mwaitu,

Leo sina habari za nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kuanzia kiwiko kushuka, mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyeushona mkono huo, najua ulianzia wapi na kuishia wapi. Mahali ulipoungua ni mahali pa kiraka changu. Koti kuukuu lingeungua kote.

Niliwasha jiko la makaa. Nikachukua kipande kilichobaki cha kile kitambaa cha begi, nikakishika kwa koleo juu ya makaa. Hakikuwaka, kilikunjamana, kikayeyuka na kuanza kudondoka, na kila tone lilishuka linawaka. Tone moja liliangukia sakafuni na nilipojaribu kuliondoa kwa kijiti lilikuwa limeganda. Nikajaribu na uzi wangu. Uzi uliisha kabla sijahesabu mbili.

Hicho ndicho nilichokuvika. Nililia mpaka Mwaitu akatoka kitandani kwa goti lile lile kuja kuuliza ni nani amekufa. Nimemwambia yote. Akaniambia nichukue kalamu.

Nilifikiri kigumu ni kigumu. Kitambaa kisichopasuka, mshono usiofumuka, hiyo ndiyo elimu yangu yote. Haikunijia hata siku moja kwamba nguo ya moto huulizwa swali lingine. Nami nilikuwa na jiko hapa ndani, umbali wa hatua tano kutoka kwenye cherehani. Ningeweza kujaribu Julai. Nisamehe. Sijui niandike neno hilo mara ngapi ili litoshe.

Lakini nina hasira nawe pia. Ulinificha ili nisiumie, nimeelewa, na ungekuwa wewe peke yako ningekushukuru. Si wewe peke yako. Unalinda jina langu kwa mgongo wa Muthoki. Ukiiambia kamati moto ulikuwa mkali, yale makoti manane yatabaki kwenye nailoni, kwa sababu kwenye karatasi hakuna aliyekosa koti. Kimeu na Muthoki wataendelea kwenda na masweta, na wa vituo vingine watatafuta Ndila wao awatilie viraka.

Wewe sema jina langu. Sema ni Ndila wa Ikutha, fundi wa sare, dada yako, aliyeshona kwa kitambaa cha begi kwa sababu nyinyi hamkuwa na koti lingine la kuvaa. Wakitaka nije nitakuja, na nitakuja na kipande hiki na jiko langu niwaonyeshe. Yale yaliyo chini ya kitanda yachane leo hii, wasije wakayapata.

Lile tangazo mlangoni nimelipaka chokaa mwenyewe. Cherehani nimeifunika kitambaa. Watu wameniuliza nami nimewaambia ukweli, na wengine wamechukua sare za watoto wao kwenda kwa fundi mwingine. Siwalaumu.

Ndila


Kambu, 24 Novemba 2024

Dada Ndila,

Salamu kwako, na kwa Mwaitu salamu za pekee. Kavindu amepika mahindi ya muthokoi leo, akaniwekea kijiko mkono wa kulia kwa nguvu. Nimekula nusu sahani na nusu nimemwagia paka.

Nilisema jina lako.

Walikuwa watu watano mezani, na sisi wa shifti tumekaa nyuma. Nilieleza kila kitu, kuanzia ile barua ya kuomba ukarabati hadi kiraka. Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyeniruhusu kupeleka mali ya kituo kwa fundi wa mtaani. Nikamjibu hakuna. Akasema basi fidia haitatoka, kwa sababu koti lilibadilishwa nje ya utaratibu. Nilikuwa nimelitarajia hilo, nikasema sawa. Muthoki alikuwa nyuma yangu. Nilikuwa naogopa kugeuka kumwangalia, maana ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kwamba koti lake lilikuwa chini ya kitanda changu.

Kisha Mzee Munyao akasimama, na hakuna aliyekuwa amemwita. Akatoa ufunguo wa stoo, akauweka mezani mbele ya mwenyekiti.

“Kama ni kukatwa mshahara, nikateni tena,” alisema. “Lakini huyu mama hatoki tena na sweta, mimi nikiwa na makoti.”

Walibishana saa nzima kuhusu nani atatia sahihi. Mwishowe alitia mwenyekiti, na alasiri hiyo hiyo makoti yaligawiwa uani, bila hema na bila chakula. Yote ni saizi moja, kubwa sana. La Muthoki linamfikia magotini na mikono ameikunja mara mbili. Nilidhani hatanisemesha. Alikuja akanipiga kofi la bega, upande usioungua, akasema siku nyingine nimwambie ukweli kwanza halafu ndiyo niungue. Anakusalimu. Amesema nikuandikie kwamba hakuchukii, na nisiongeze maneno.

Wametuletea pia mkufunzi kutoka Nairobi kwa siku moja. La kwanza alilotufundisha ni kwamba makoti yafuliwe kila baada ya moto, kwa sababu masizi yana sumu na yanaua polepole. Wote waligeuka kunitazama. Kwa hiyo kufua ulikuwa na haki, wewe na kuku wako.

Sasa nina ombi, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja wiki ijayo.

Daktari mmoja wa mazoezi hospitalini amesema kovu langu linataka kuvimba, na likivimba vidole havitakunjika tena, na mtu asiyekunja vidole hashiki mpira wa maji. Dawa yake ni soksi ya mkono ya kubana, kutoka kifundo hadi juu ya kiwiko, ivaliwe usiku na mchana mwaka mzima. Ikilegea haisaidii. Ikikaza sana inazuia damu. Inashonwa kwa vipimo vya mtu mmoja mmoja. Alitaka kunipa namba ya mtu wa Nairobi anayezishona. Nikamwambia asijisumbue, fundi ninaye.

Akaniuliza kama namwamini. Nikamwambia ndiyo.

Kitambaa na uzi vimo kwenye mfuko aliokuletea Abdow, ametoa daktari mwenyewe. Tumia hivyo, wala usiongeze chochote chako. Vipimo ni hivi: kwenye kifundo, sentimita kumi na saba. Katikati ya mkono, ishirini na mbili na nusu. Chini ya kiwiko, ishirini na sita. Juu ya kiwiko, ishirini na nane. Mshono ukae upande wa nje, maana ndani ngozi bado ni changa. Daktari anataka kuiona tarehe kumi Desemba.

Shona mbili, ili moja ikifuliwa nisikae bila.

Ndugu yako,
Mulwa